Mwito wa Bibi Shambani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mihogo ikiwa imekomaa huku Milola, tulitoka asubuhi kuwasaka nguruwe pori waliokuwa wakitumaliza. Hatukuwataka kwa kitoweo, sisi Waislamu. Tulitaka watuachie chakula chetu. Wanaume tulijipanga mstari kwenye majani marefu, na kila mmoja kwa zamu yake alipaswa kuita, ili wenzake wajue alipo, "Sihamiii!" Sauti inaanzia chini, inapanda mpaka inakuwa nyembamba. Ndio ule mwito uliokuchekesha ulipokuja juzi.

Hata mimi niliucheka. Nilikuwa likizo, nimetoka shule Lindi mjini, kichwa kimevimba, na wenzangu wa huko walishaniambia kuwa hicho ni kilio cha mwanamke. Zamu yangu ilipofika nikafunga mdomo. Mjomba Hamisi, aliyekuwa kulia kwangu, akasikia kimya, kisha akaona majani yanatikisika. Akarusha mkuki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilipona, ikachanika suruali ya shule.

Mjomba alipoona ni mimi alikaa chini. Akaniuliza kwa nini sikuita. Nikamweleza walivyoniambia wenzangu.

"Ni kilio cha mwanamke, kweli," akasema. "Mwanamke mwenyewe ni bibi yako, mama yetu."

Akanisimulia. Nguruwe walimaliza shamba la bibi misimu mitatu mfululizo. Majirani wakafunga mizigo, wakamwambia naye ahame. Yeye, mjane mwenye watoto wawili, akasimama mpakani na debe bovu, akaligonga na kuita "Sihami" mpaka sauti ikamkauka. Jirani mmoja akasikia njiani, akaona haya, akarudi na mkuki wake huku akiitikia vilevile. Wengine wakamfuata. Kijiji kikabaki.

Nikarudi kwenye mstari, nikaita. Niliita huku nalia, na sioni aibu kukwambia.

Sasa unanibembeleza nije Dar, eti nguruwe hawakomi na mimi nimezeeka. Nimezeeka, ndiyo. Sihami. Mkataa kwao ni mtumwa, nami utumwa siuanzi na mvi hizi. Wewe kaa huko uliko, sikukatazi, lakini ukishajua umesimama wapi, sema watu wasikie. Ukinyamaza, hata anayekupenda atakudhania mnyama.

Mungu akupe sauti, mwanangu, na siku utakayoita peke yako, akujaalie wa kukuitikia.