Kipindi cha Hesabu

Watoto walimwita Bi Pilipili, na aliyekaa naye siku moja hakuhitaji kuuliza kwa nini. Alifundisha hesabu darasa la tano, ukuta mmoja na darasa nililofundisha mimi, na sauti yake ilinifikia kana kwamba ukuta haupo. Mlima ulipoporomoka alfajiri ya mvua ukafukia mtaa mzima, alimzika dada yake Jumamosi, Jumatatu akaingia darasani na chaki. Kumi na tisa kati ya wanafunzi wake walikuwa wamebaki bila baba wala mama.

Ndipo wageni wakaanza kumiminika. Walikuja saa nne, baada ya chai, wakati wa hesabu hasa. Kila mara mwalimu mkuu aligonga mlango akisema yatima watoke. Wakapangwa uwanjani, wafupi mbele, wakaimba wimbo wa shukrani, wakapigwa picha, wakapewa sabuni na biskuti. Aliyewapanga ni mimi. Niliona aibu, na bado nikawapanga. Bi Pilipili akilalamika, mkuu alimjibu kwa upole kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyepona ni ofisi yake, iliyoezekwa mabati mapya huku darasa la tano likivuja. Mpaka leo hasira yangu haijapoa.

Mtihani wa nusu muhula ulipofanyika, msichana mmoja, mdogo kuliko wenzake wote, alirudisha karatasi tupu. Kabla ya maafa hakuna aliyemshinda kwa kugawanya. Bi Pilipili alifungua daftari la mahudhurio akakuta ametolewa darasani mara kumi na moja. Akamwita, akamuuliza imekuwaje.

"Sasa mwalimu, hesabu za nini? Mimi si yatima?"

Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja kazi yake. Bi Pilipili alikuja kunisimulia neno kwa neno.

Wageni walipokuja tena, alisukuma dawati akaziba mlango. Mkuu akagonga, akabembeleza, akatisha. Mlango ulifunguka upana wa kiganja.

"Waambie waje saa tisa, masomo yakiisha. Na ukitaka kumtoa mtoto humu, mkuu, anza kunitoa mimi."

Wageni hawakuwa na muda wa kungoja saa tisa. Waliondoka na maboksi yao ya madaftari, na Bi Pilipili akaandikiwa barua ya onyo siku hiyo hiyo. Mimi nilibaki uwanjani peke yangu, sina wa kumpanga, nikasogea dirishani.

Msichana yule alikuwa ubaoni. Aligawanya, akakosea.

"Umekosea," Bi Pilipili alimwambia. "Rudia."

Msichana akaangua kilio. Hakuna aliyempiga picha, wala aliyemletea biskuti. Mwalimu wake alimngoja, amenyoosha mkono wenye chaki, mpaka alipomaliza kulia, akajifuta kwa kiwiko, akaipokea, akarudia.