Neno "Hard" na Kazi ya Shangazi

Juzi nilikuwa soko la Daraja Mbili nikichagua blauzi ya mitumba. Nikahesabu vifungo: vitano. Nikahesabu tena: vinne na uzi. Nilipomwambia muuzaji ashushe bei kwa ajili ya ule uzi, akashusha pumzi. "Maisha ni hard, mathe," akasema. Blauzi niliilipia, neno nikalibeba bure.

Sisi wa kijiji cha Gesima, rafiki yangu, neno hilo lilitukuta na letu tayari. Nyanya alikuwa na moja tu, obokong'u, na lilimtosha kwa ugumu wa aina zote: mahindi yaliyokataa kuiva, udongo wa kiangazi, tabia za wakwe. Kiingereza nacho, mwalimu wa darasa la tano alitufundisha, huongezewa mkia. Mtu akiwa "slow", hutembea "slowly". Akiwa "quick", hukimbia "quickly". Tuliimba mikia hiyo mvua ikipiga mabati, madaftari yetu yakinuka moshi wa jikoni. Hakuna aliyetuonya kwamba kuna neno ambalo ukilipa mkia linakugeuka.

Mwaka huo shule moja ya bweni upande wa Nyaramba ilitafuta mpishi. Shangazi, dada mdogo wa baba, alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa yake na watoto wawili, na nyanya alishasema wazi kwamba chai yetu haiwezi kulisha midomo yote hiyo. Barua ya maombi ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Shangazi hakukijua. Mimi nilikuwa wa kwanza katika somo hilo, basi niliitwa kutoka shambani, vidole bado vina utomvu wa majani ya chai, nikaketishwa mezani.

Nikaandika kwamba shangazi "works hardly", yaani kwa bidii, asubuhi hadi jioni, hata siku za baridi. Nikahesabu maneno mara mbili nisije nikampunja. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia isipate makunyanzi.

Aliitwa, na kazi akapata. Jioni aliniletea mandazi manne, akasema barua ilisaidia sana. Wiki nzima nilitembea kama karani wa chifu.

Baadaye nilijiunga na shule hiyohiyo. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu akaeleza ubaoni kwamba "hardly" si kwa bidii. Ni kwa nadra, karibu na hapana kabisa. Kengele ya mapumziko ilipolia nilikwenda moja kwa moja jikoni. Shangazi alikuwa amesimama juu ya kigoda, akisonga ugali kwa mwiko uliomzidi urefu. Nikamuuliza walisema nini kuhusu barua siku ile alipoitwa.

"Walicheka," akasema, mwiko ukiendelea. "Mwalimu mkuu akaniambia, mama, barua zingine zote zinasema wenyewe ni wachapa kazi. Yako peke yake inasema kazi huigusi. Tumekuita tukuone."

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia kama karatasi ndiyo inajua, sawa. Lakini nipeni sufuria kwanza, halafu muulize ugali."

Nikataka kujua mbona miaka yote hiyo hakuniambia.

"Ungeacha kuandika," akasema. "Sasa sogea, moiseke, msichana wewe. Unanizibia moshi usitoke."

Siku hizi jiko lile linatumia gesi. Shangazi alistaafu, watoto wake wawili wamesoma, na mvua ikikaribia mabega yake hujua kabla ya redio. Mwezi uliopita mpwa wangu aliandika barua ya kuomba kazi kwenye simu, na kila alipokosea, simu ilisahihisha kabla hajainua kidole. Akanipa nikague. Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona hata moja. Barua safi kama hiyo, mwaka ule, ingelala kwenye rundo na nyingine, na shangazi hangeitwa.