Nyasi Juu ya Mabati

Redio ile nilipewa Muyinga, na mama mmoja Mwislamu aliyetupangisha chumba tuliporudi nyumbani kutoka ukimbizini Tanzania. Aliuza vitenge sokoni. Nilipopata kazi ya ualimu Bugendana, upande wa Gitega, aliifunga katika kipande cha kitenge akaniwekea mikononi.

"Chukua, Mwalimu. Iko inakamata vizuri. We utaniombea kanisani, mi nitakuombea msikitini. Mungu atajipangia mwenyewe."

Hadi leo namtaja katika sala zangu.

Darasa langu la sita lilijaa watoto waliozaliwa ukimbizini. Hesabu walizijua, Kiswahili kiliwatiririka, lakini mtihani ulikuwa wa Kifaransa. Mmoja wao, binti mkimya kuliko wote, mama yake alinijia mapema.

"Mwalimu, mimi niko peke yangu na shamba. Namwachia muhula huu tu. Kifaransa kisipomwingia, namchukua tulime."

Nilimwomba asubiri, nikaitegemea redio. Kila alasiri ilikuwa na kipindi cha Kifaransa cha shule. Ila huku kwetu alasiri ndiyo saa ya mvua. Mabati ya darasa yalikuwa mapya, tulikuwa tumeyashukuru kwa nyimbo, na mvua ilipoyapiga hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Watoto waliizunguka redio vichwa vikigusana, wakaambulia muziki wa mwisho wa kipindi. Nikajaribu kuibana sikioni na kuwarudishia kwa kelele kila ninachosikia. Nilikaukiwa na sauti kabla ya juma kwisha.

Jumamosi wazazi walikuja na majembe kwa kazi za pamoja. Niliwaomba wakate nyasi, tuyafunike mabati.

Bibi mmoja alicheka hadi akashika kiuno. "Mlitwambia nyasi ni ushamba, mabati ndiyo maendeleo. Leo mabati nayo yanasikia baridi?"

Mkurugenzi wa shule hakucheka. "Mais... lakini, Mwalimu! Mkaguzi akipita atasema nini?"

"Aje wakati wa mvua, Mkurugenzi. Tutamsikia akisema."

Hapo naye akacheka. Vijana wakapanda, wakazitandaza nyasi na kuzibana kwa miti. Mama wa yule binti alifunga matita kutwa nzima.

Mvua iliyofuata ilinguruma kwa mbali tu, kama iko kilima cha pili. Ndipo tukagundua jambo ambalo hakuna aliyelijua: mwalimu wa redioni alikuwa akiuliza swali, kisha ananyamaza, akiwangoja watoto. Siku zote alikuwa amewangoja, na sisi tulisikia mabati tu.

Akauliza. Akanyamaza. Darasa likatazamana. Yule binti akajibu, kwa sauti ndogo.

"Très bien!" ikasema redio, yaani vizuri sana.

Binti akaruka. "Mwalimu, amenisikia?"

Nilitaka kumweleza jinsi redio inavyofanya kazi, nikaacha. Nikamwambia, "Jibu na linalofuata."

Akajibu, safari hii kwa nguvu. Nilipogeuka, nilimwona mama yake mlangoni, amejibanza kuikwepa mvua, jembe begani. Muhula ulikuwa unaisha, nami nilijua alichokuja kufanya. Alisikiliza hadi muziki wa mwisho. Kisha akashusha jembe, akaangalia juu.

"Zile nyasi za pembeni zimelegea," alisema. "Jumamosi nitaleta nyingine. Mwakani tutakata tena, hizi zitakuwa zimeoza, na mtoto atakuwa bado anasoma."