Petroli ya Mwatima wa Moa

Mwatima hakuzaliwa Moa. Alivuka kutoka Pemba kuolewa na Massoud mvuvi, akaja na sanduku la nguo na ujuzi mmoja ambao Moa nzima haikuwa na haja nao: kupika makonyo. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Kwao walivijaza kwenye pipa, wakavichemsha, mvuke ukapita kwenye bomba lililolazwa majini, na mwishowe yakadondoka mafuta ya karafuu. Mama yake alikuwa fundi wa kazi hiyo, naye Mwatima akakulia kwenye moshi wake. Lakini Moa hakuna karafuu. Kilichojaa Moa ni plastiki. Kila maji yakipwa yanaacha ufukweni mzigo mpya wa madumu, vifuniko na ndoo zilizopasuka.

Basi alipokuja Benedikta, mwalimu wa uchomeleaji kutoka Tanga mjini, kuwaonyesha kina mama kwamba plastiki ikipikwa ndani ya pipa lililozibwa hutoa mafuta kama petroli, ya kuendeshea mashine, wenzake waliona maajabu. Mwatima aliona pipa, bomba na maji ya kupoozea, akacheka kimoyomoyo. Hiyo kazi anaijua toka tumboni. Hata swali hakuuliza.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa walisema kweli tupu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Kwenye ndoo hukaa chini, na maji huelea juu. Mwatima alipopika mara ya kwanza kwenye pipa lake, plastiki zilikuwa bado zimelowa maji ya bahari, kwa hiyo yalidondoka mafuta na maji pamoja. Akafanya kama alivyofundishwa na mama yake: cha juu akamwaga, cha chini akakitia kwenye dumu kwa heshima zote. Petroli huelea. Mtoto yeyote wa Moa aliyewahi kukumba maji kwenye boti la mashine anajua hilo. Mpemba wa makonyo, wapi!

Lile dumu lilinuka petroli vizuri kabisa, na shemeji yake Luqmani, wa bodaboda, akalimimina kwenye tangi bila wasiwasi. Akampakia Bi Tausi, somo wa harusi, aliyejitanda kanga mpya na udi umemkolea. Pikipiki ilikufa katikati ya njia yenye tope. Bi Tausi alifika harusini kwa miguu, viatu mkononi, ubwabwa umekwisha. Kuanzia siku hiyo Mwatima akaitwa Mama Maji.

Akajirekebisha, akawa anakinga cha juu. Lakini petroli ilipatikana kidogo tu, na iliyobaki ilikuwa nzito, ikipoa inaganda kama samli. Hata hiyo kidogo ilikuwa imechanganyika na hiyo nzito. Injini ya Luqmani ilitoa moshi mweusi, na kwenye mlima ikagonga kama fundi bati. Luqmani akasafisha tangi lake na kuapa kwamba hatalitia tena uchafu ule.

Massoud alichoka kutaniwa na wavuvi wenzake. Hakugomba. Alimwambia mkewe kwa upole kwamba Godlisten, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mabawa, huko Tanga mjini, akipita tena atalichukua pipa. Upole ule ulimchoma Mwatima kuliko matusi. Likiondoka pipa, yeye angebaki mke wa mtu tu, mgeni aliyevuka bahari, asiye na jambo hata moja analoliweza kwa mikono yake mwenyewe. Alilia jikoni, akasingizia moshi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwatima alikaa akayapitia ya kwao Pemba moja baada ya jingine, akakumbuka kwamba maji ya makonyo hayakuwa yakimwagwa hovyo. Yalikuwa na mafuta ndani bado, kwa hiyo yalirudishwa kwenye pipa yakapikwa upya. Sasa hili zito linaloganda, kwa nini nalo lisirudi motoni mpaka lilainike? Akampigia simu Benedikta. Benedikta akalipenda wazo, akaliongezea lake: tusimamishe bomba nene juu ya pipa, ili zito lirudi lenyewe kabla halijatoka. Alikuja na mashine yake wakalichomelea, na Mwatima akalijaza vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mvuke ukipanda unajipigapiga kwenye vigae. Mzito unachoka na kudondoka tena motoni, mwepesi unapita. Plastiki akazianika juani kama dagaa. Chupa za maji na mabomba ya plastiki akayatenga, maana aliambiwa hayo huharibu mafuta.

Safari hii yaliyodondoka yalikuwa mengi, meupe, mepesi, na hayakuganda hata yalipolala nje usiku kucha.

Asubuhi hiyohiyo guta la Godlisten likaingia uani. Massoud akamwomba asubiri kidogo. Luqmani akakubali kujaribu, kwa sharti moja: ikigonga, shemeji mwenyewe ataisukuma kurudi. Akapakia magunia mawili ya muhogo, akaelekea mlimani. Mwatima alisimama barabarani akitega sikio. Alisikia injini ikipanda, kisha hakusikia kitu.

Adhuhuri ikapita. Ikaadhiniwa alasiri. Watu wakasema Luqmani yuko njiani anasukuma. Massoud hakuweza kumtazama mkewe. Godlisten akafungua kamba zake.

Ndipo Luqmani akatokea, na nyuma yake bodaboda wengine wawili, kila mmoja na dumu tupu. Pikipiki ilimnogea. Alipitiliza mpaka Tanga mjini kumwonyesha Benedikta, akasahau kabisa kwamba kuna watu roho juu.

"Shemeji," alisema hata kabla ya kushuka, "haikugonga hata kidogo. Nijazie, na hawa wenzangu nao."

Mwatima aliyapokea madumu, furaha ikimpanda. Massoud alikuwa ameshainama kuchochea kuni chini ya pipa. Godlisten akaanza kuzikunja kamba zake, na Mwatima akamfuata.

"Kaka Godlisten, umepoteza siku nzima kwetu, nisamehe. Pipa hili siliuzi. Lakini mie nataka jingine kama hili, zima, lisilotoboka. Lini utaniletea?"