Waliokaa Upande wa Mashine

Raymundi alikuwa na sauti, jamani. Waliowahi kumsikia kwenye kwaya ya parokia wanajua ninachosema: akishika besi, mabenchi ya mbele yanatetemeka. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyompa kazi. Miaka kumi na minne alikuwa mwita majina katika baraza moja la ardhi huku kwetu Tabora. Msiniulize lipi, maana watu wake bado wapo na tunasalimiana. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Shauri likifika zamu, Raymundi anatoka kibarazani, anavuta pumzi, anaita jina mara tatu. Mtu akiitika, anaingizwa. Asipoitika, Raymundi anarudi ndani na kusema, "Hayupo, Mheshimiwa," na mwenyekiti anaandika. Mdai asipokuwapo siku ya kusikilizwa, shauri lake linafutwa.

"Hakuna atakayesema hakunisikia," alizoea kujigamba. "Mimi nikiita hapa, aliyelala Tura anaamka."

Jengo lilikuwa la kupanga, nyumba kongwe ya akina Humaidi, ya enzi za misafara, kuta zake nene kama za boma. Mbele kuna kibaraza kipana, walipokuwa wakitua mizigo wapagazi. Siku hizi kina mabenchi manne ya wenye kesi. Nyuma kuna mashine ya kusaga ya jirani, na chini ya kipenu chake wanawake hukaa na vifurushi vyao tangu asubuhi. Raymundi akienda chooni huwapita hapo, na kwa kuwa ni mtu wa watu, hakosi neno. "Mwangaluka, akina mama! Unga bado tu? Huko nyumbani watakula nini?" Nao hucheka kidogo, wakifunika midomo kwa khanga.

Kila mwezi wa sita hushuka fomu kutoka juu, ya mambo ya jinsia na makundi maalumu. Mwenyekiti humpa Advera, karani wake. Advera humsukumia Raymundi, kwa sababu ni kazi ya kuweka alama tu. Je, mahali pa kusubiri panawafaa wanawake, wazee na wenye ulemavu? Raymundi hutazama mabenchi, hutazama bati, huweka alama kwenye Ndiyo.

Mwaka huo fomu ilikuja na swali jipya: mashauri mangapi yamefutwa kwa mdai kutoonekana, wanawake wangapi, wanaume wangapi?

"Safari hii usikisie, mzee Raymundi," Advera alimwambia. "Ingia stoo ukahesabu."

Akaingia, akapiga chafya siku mbili, akatoka na hesabu. Yaliyofutwa arobaini na moja. Wanawake thelathini na watatu.

"Nilijua," alisema huku akipangusa vumbi masharubuni. "Mwanamke anafungua kesi kwa hasira. Hasira ikipoa, harudi."

Advera hakucheka. Alikuwa akipekua majalada kwa kidole. "Hebu ona wamemshtaki nani. Baba mkwe. Shemeji. Baba mkwe. Baba mkwe. Hawa hasira zao zinapoa kwa zamu?"

Raymundi alisema ana njaa, akaenda zake.

Jumanne iliyofuata umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza, na mtaa mzima ukawa kimya kama kanisa siku ya kazi. Raymundi akatoka, akaita jina la mwanamke mmoja wa Usinge. Kabla hajarudia, sauti ikajibu kutoka nyuma ya nyumba: "Abee!" Mwanamke akazunguka kona mbio, kandambili mkononi. Nyuma yake akaja mwingine, mwembamba, wa makamo, akipiga goti.

"Shikamoo, baba. Kumbe wanaita huku? Na mimi Mektilda Amon je, lini?"

Jina hilo Raymundi alilikumbuka. Mjane wa Tura. Mumewe alipokufa, baba mkwe, mzee Vedasto, alitangaza kuwa ekari sita na nyumba ni zake, akamwambia atoke arudi kwao.

"Mama, kesi yako ilifutwa. Tarehe sita. Hukuja."

"Nilikuja." Mektilda alimtazama bila ukali. "Nilishuka kwenye treni, nikaja nikakaa pale kwenye kipenu. Si ulinisalimia? Ukaniuliza unga bado, nami nikakujibu, bado, baba. Nikajua mmeniona. Nikarudi nyumbani kungoja mniite tena."

Raymundi alimkumbuka kwa khanga yake ya zambarau. Alimtania, akapita chooni, akanawa, akazunguka mbele akaita jina lake mara tatu, akaingia ndani akasema hayupo.

"Lakini kwa nini ukae kule, mama? Mabenchi si haya?"

Mektilda alipunguza sauti, kana kwamba mzee mzima ameuliza la kitoto. "Baba mkwe alikuwa hapo. Nikakae naye benchi moja?"

Raymundi ni Mnyamwezi, mwana wa Mnyamwezi. Kwamba mke wa mtu haketi pamoja na baba mkwe, hilo halikuhitaji mkalimani. Jioni alipomsimulia mkewe, Apolinaria aliendelea kuchambua mchicha.

"Baba yako alipokuwa akija hapa, mimi nilikuwa nakula wapi?"

"Jikoni."

"Miaka kumi na tisa. Sasa umeshangaa nini?"

Sheria ilitoa siku thelathini za kuomba shauri lirudishwe, na ishirini na mbili zilishapita. Advera alimwandikia Mektilda maombi bila malipo, kisha akamwita Raymundi pembeni.

"Kinachotakiwa ni kiapo cha mtu aliyemwona. Ni wewe. Andika kwamba ulimwona, ukadhani ni mteja wa mashine, ukasema hayupo. Basi. Anarudishiwa shauri lake."

"Na wale thelathini na wawili?"

"Hao tutawafikia."

Mwenyekiti naye alimwita, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Raymundi, umebakiza miaka miwili ustaafu. Sikuzuii kuapa. Ila ukiapa hivyo, jiulize watu watakuuliza nini kuhusu miaka yako yote hapa."

Siku tano Raymundi hakulala vizuri. Siku ya sita alipata njia, na aliiona njia nzuri. Aliapa kwamba siku hiyo mashine ya jirani ilipiga kelele kubwa, na kwamba mtu aliye nyuma ya jengo asingeweza kusikia anapoitwa. Ilikuwa kweli tupu, na hakujitaja popote. Kisha akamngoja Mektilda langoni.

"Mama, yale ya unga, ya kwamba nilikusalimia, usiyataje mle ndani. Yatakuchanganyia kesi. Kiapo changu kinatosha."

"Sawa, baba. Nyinyi ndio mnaojua."

Siku ya kusikilizwa maombi hayo wakili alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa mzee Vedasto. Alisimama taratibu.

"Mheshimiwa, mashine hiyo hulia kila siku, na kila siku watu huitwa wakaitika. Mteja wangu ni mzee wa miaka sabini na tatu, alisikia. Swali ni moja: huyu mama alikuwapo? Kiapo hiki hakisemi. Hakuna aliyemwona."

Mwenyekiti akainua kichwa. "Mdai, kuna yeyote aliyekuona siku hiyo?"

Mektilda alikuwa amesimama, mikono nyuma. Aligeuka, akamtazama Raymundi pale mlangoni. Hakumtazama kwa kumshtaki. Alikuwa anauliza kama sasa ameruhusiwa. Advera aliacha kuandika. Raymundi alifungua mdomo, na kifua chake kipana kikajaa pumzi. Akawaza miaka miwili. Akainamia viatu vyake.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema Mektilda.

Maombi yalitupiliwa mbali.

Nje, Raymundi alimfuata hadi ngazini, bila kujua atamwambia nini. Mektilda ndiye aliyeanza.

"Ahsante, baba. Wengine hata karatasi hawakuandikiwa. Wewe umeniandikia."

Mzee Vedasto alikuwa akishuka na wanawe wawili. Njia ilikuwa moja, ngazi nyembamba. Mektilda akasogea ukutani, akapiga goti vumbini, akainamisha uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee, kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Kesho kutwa vijana wanakuja kuezua nyumba. Toa vyombo vyako mapema, visivunjike."

"Ndiyo, baba."

Wakapita. Mektilda alibaki amepiga goti mpaka walipofika barabarani, kisha akainuka, akakung'uta khanga, akamuuliza Raymundi kama treni ya Tura leo ipo. Raymundi alimwambia ipo. Akamwambia na saa.