Fildi ya Majini

Shigela alikuwa mwoga wa maji, na tusimcheke, alikuwa na sababu. Akiwa darasa la tatu, baba yake alipanda mtumbwi wa abiria kwenda msibani, akarudishwa siku ya pili amefunikwa turubai. Tangu hapo mama yake, Sabina, muuza mitumba wa Mkuyuni, aliweka sheria moja nyumbani: ziwa ni la kutazama tu. Kijana akakulia Mwanza, maji kila upande, bila kujua kuogelea.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea uhandisi wa mitambo, na chuo hakitoi digrii kwa kukariri peke yake. Lazima mwanafunzi aende fildi, afanye kazi chini ya fundi atakayempa alama. Wenzake waliangukia viwandani na kwenye gereji. Yeye akapangiwa kivuko cha magari. Aliomba abadilishiwe, akaambiwa asiyetaka arudie mwaka. Basi akamdanganya mama yake kwamba yuko gereji palepale Mkuyuni, na harufu ya dizeli kwenye nguo zake ikautetea uongo huo vizuri tu.

Aliteseka. Chumba cha injini kiko chini ya usawa wa maji, na kila alipogusa ukuta wa chuma alijua upande wa pili kuna nini. Mzee Lukman, fundi mkuu, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia tumbo likichafuka atapike kwenye ndoo, kisha arudi kwenye injini. Shigela alitapika, akarudi, mpaka akaanza kujidanganya kwamba amezoea.

Siku moja gari la msiba lilipanda kivukoni na jeneza ndani. Nyuma yake walitembea wakiimba wanawake wa kikundi cha kuzikana cha Mkuyuni, na katikati yao alikuwa Sabina, ameng'ang'ania mkono wa jirani kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Utaratibu wa kikundi ni kumfikisha mwenzao kaburini, hata kama kaburi liko ng'ambo. Shigela alijificha nyuma ya tairi la lori, kisha akateremka chini huku akijionea aibu.

Katikati ya ziwa injini ya kushoto ikazima. Upepo ulikuwa umeshaanza, kivuko kikaanza kugeuka ubavu, na huko juu wanawake wakaacha kuimba. Kimya kile kilimtisha kuliko mawimbi. Alijua mama yake anamfikiria nani. Akajikuta ameshika ngazi.

"Unakwenda wapi?" Mzee Lukman aliuliza, mikono yake tayari iko kwenye chujio la mafuta.

"Mama yangu yuko juu, mzee."

"Basi njoo upampu. Huko juu hutamsaidia kitu."

Akarudi, ingawa kila kiungo chake kilikataa. Lukman akabadilisha chujio, yeye akapampu kwa mkono ili kutoa hewa kwenye mabomba, akisali Baba Yetu na kuruka maneno. Mafuta yalitoka na povu, kisha yakatoka safi. Injini ikakohoa, ikashika.

Walipofika gatini angeweza kujificha tena, lakini hakuweza kumwacha mama yake ashuke bila kujua kama ni mzima. Akapanda juu, amepakaa oili hadi masikioni. Sabina alikuwa amekaa sakafuni, viatu mkononi. Alimtazama mwanawe, akaitazama ile ngazi alikotokea. Shigela akasubiri kofi.

"Kumbe gereji yenyewe ndiyo hii," mama alisema polepole. "Na kesho unakuja tena?"

Hakuwa na uongo mwingine. "Nakuja, mama. Bado sijamaliza."

Sabina hakumgombeza. Alijifuta uso kwa kanga, akavaa viatu, akawafuata wenzake kuzika. Hapo ndipo Shigela alipotambua kwamba kwa wiki zote zile, pamoja na dhambi yake, uongo ule ulikuwa ukimpa mama yake usingizi.

Kesho yake Sabina hakwenda sokoni. Alimsindikiza mwanawe mpaka gatini, akaketi juu ya jiwe, akakitazama kivuko kikienda, kikirudi, kikienda tena. Jua likawa kali, hakuondoka. Mama mmoja muuza chai akamwuliza kama anasafiri.

Alijibu hapana, ana mtoto chini ya maji.