Madaftari ya Shadia

Kwa miaka ishirini na mitatu Shadia Hamdani alipima maji ya ziwa pale Bangwe, Kigoma. Kila asubuhi alishuka ufukweni na kipimajoto na kamba yenye alama, akaandika joto na kina daftarini. Maji mengine aliyatia kwenye chupa, yakasafirishwa ng'ambo kupimwa na watafiti wa huko.

Ndipo zikaja habari za kituo kikubwa cha utafiti: maabara ya ghorofa tatu na meli yake. Mikoa ikakigombea, nchi jirani nazo zikakitaka. Kibao cha mradi kilisimikwa Bangwe, kikang'olewa, kikasimikwa tena.

Siku moja Thobias, mratibu wa mradi, alimfuata Shadia nyumbani Gungu. Baada ya shikamoo alieleza kwamba wafadhili, walewale wa ng'ambo waliopokea chupa zake, walitaka mahali penye kumbukumbu za miaka mingi, nazo zilikuwa kwake tu. Aliomba madaftari yapelekwe kwao.

Shadia aliuliza maji yatapimwa wapi kituo kikishajengwa. Thobias alikiri kwamba mashine za kupimia zitabaki kule kule ng'ambo kwa sasa.

"Mwanangu," Shadia alisema, "nimewachotea maji tangu hujaanza shule, na majibu sijawahi kuyaona. Waje wanakili hapa, mbele yangu. Na mashine ije Kigoma."

"Wakienda kwingine, mama, mji mzima utakulaumu wewe."

Na kweli alilaumiwa, hata kabla wafadhili hawajaamua. Kaka yake Mwinshehe, aliyekwishajenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa kituo, aliacha kumtembelea. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alasiri moja aliyafunga madaftari kwenye kanga, akafika barabarani na kusimamisha bodaboda, kisha akamwomba radhi dereva na kurudi ndani.

Mwezi wa tano barua ya wafadhili ilikuja: wangenakili madaftari nyumbani kwake, na kituo kingejengwa Bangwe. Mashine moja ingeletwa, na vijana wawili wa Kigoma wangefundishwa kuitumia. Lakini meli ilifutwa, na ghorofa zikabaki moja. Wapo waliosema Shadia aliupunguzia mji nusu ya neema. Hakubisha, huenda ni kweli.

Siku ya ufunguzi alikaa mstari wa nyuma, na jina lake halikutajwa. Wiki ya tatu Iradukunda, mmoja wa wale vijana, alimletea karatasi ya majibu ya kwanza. Shadia aliisoma taratibu, akaweka kidole kwenye tarakimu moja na kuuliza maana yake. Iradukunda akavuta kigoda, akaanza kumweleza.